Fisi wa Biskuti

Wajukuu zangu wakiniletea biskuti za Pasaka zenye sura ya mnyama, nazirudisha kwenye sahani. Wananiambia, "Aki nyanya, onja tu, ni sukari!" Wacha waseme. Mimi siwezi kula kitu kinachoniangalia, na sina haja ya kumwelewesha kila mtu.

Mama alikuwa amezika watoto wote waliozaliwa kabla yangu. Kwetu, upande wa Malakisi, mtoto anayezaliwa baada ya vifo namna hiyo hapewi jina zuri. Anapewa jina la kitu ambacho hakuna anayekitaka, ili kifo kikipita kuuliza nani yuko ndani, kisikie upuuzi na kiende zake. Mimi nilipewa jina la fisi kwa lugha yetu. Nyanya, mama yake baba, ndiye aliyelichagua. Lilikuwa jina la kunificha, na maana yake haikuwa ya kuelezwa ovyo ovyo.

Hiyo ilikuwa miaka ya baada ya vita, wanaume wamerudi na wanalima wamevaa makoti ya jeshi. Baba alikuwa kwenye kazi ya reli, mbali. Mama alipika kwa mzungu mwenye shamba karibu na Kibomet, pale Kitale, na mimi nilishinda naye jikoni kwa sababu hakuniamini mikononi mwa mtu mwingine. Kila juma la Pasaka memsahib, mke wa huyo mzungu, alifunga aproni akaoka biskuti za tangawizi. Alikuwa na vibati vya kukatia unga, vya sungura, kondoo na bata. Zikishapoa alizipaka sukari laini iliyokorogwa na ute wa yai, nyingine akazitia wekundu kwa maji ya kiazi chekundu, na macho yakawa zabibu kavu. Jamani, zilipendeza! Nilikuwa nasimama pale nikimeza mate.

Mwaka mmoja, siku ya Ijumaa Kuu, memsahib alinitazama akamuuliza mama, "Hii toto yako, jina yake maana yake nini?"

Mama alikuwa na mikono kwenye maji ya vyombo. Nadhani alichoka tu, au aliona haya kusema uongo siku ile takatifu.

"Ni fisi, memsahib."

Memsahib alicheka mpaka akajifuta machozi. Hakukuwa na ubaya ndani yake, hilo nalijua, lakini kicheko kile sijakisamehe mpaka leo. Hakuwa na kibati cha fisi, kwa hiyo alichukua kisu akamkata kwa mkono, mgongo umeinama, miguu ya nyuma mifupi. Alimtia madoa ya kakao. Mwisho akabonyeza zabibu mbili usoni, akanikabidhi. "Hii ni wewe," akasema.

Mama alisema asante. Niliona rangi imemtoka usoni.

Kesho yake tulipanda lori kwenda nyumbani kwa sikukuu. Biskuti ilikuwa kwenye mkebe wa majani chai, mapajani kwangu. Kabla ya kufika Bungoma nilikuwa natetemeka kwa baridi juani, na mama akaniondolea mkebe mapajani, akanifunika na leso yake. Tulipoingia kwa nyanya nilikuwa siwezi kusimama.

Nyanya alifungua mkebe. Akamgeukia mama.

"Ulimwambia?"

"Aliniuliza."

"Ati alikuuliza! Si ungesema jina la maua?" Nyanya hakuwa mtu wa kupiga kelele, na hapo hakupiga. "Tulimficha mtoto ndani ya fisi. Sasa fisi amepata mwili wake, na mtoto amebaki nje, anaonekana."

"Niitupe?"

"Ukiitupa umemtupa. Ukimpa mbwa, umempa mtoto kwa mbwa. Ukiiweka, sisimizi watamla pole pole."

Waliiweka kwenye rafu juu ya vyungu, kwa kuwa hawakujua la kufanya. Mimi nililala kwenye mkeka nikiitazama. Lori lilikuwa limetutikisa siku nzima, na haikuvunjika hata ukucha. Nyumba ya nyanya ilikuwa na sisimizi wa kila aina, walipanda ule ukuta kwa msafara, wakifika kwenye rafu wanaizunguka biskuti na kuendelea. Nilikuwa naogopa, nasema wazi. Kila nilipofumbua macho, fisi alikuwa anatazama mlangoni, na mimi nakumbuka mama akimweka akiwa ametazama ukuta.

Jumapili ya Pasaka nyanya alikwenda kanisani kuniombea. Tulisikia wakiimba kwa mbali. Mama alinigusa shingo, akakaa hivyo kwa muda, mkono umetulia. Kisha akasimama, akamshusha fisi, akaketi chini kando yangu.

"Kama kifo kinamtafuta," akasema, wala si kwangu, "kitamkuta tumboni mwangu."

Akamla. Alianza na miguu, na wallahi niliona miguu yangu ikipata joto. Alitafuna bila haraka, machozi yakimtiririka, kiuno, mgongo, shingo. Macho hakuyatafuna. Aliyameza mazima. Jasho likanitoka mwili mzima, nikaomba uji.

Nyanya aliporudi alinikuta nimeketi na kibuyu, akaona rafu haina fisi. Alikaa kwenye kigoda akalia kwa sauti, na mimi mjinga nilidhani analia kwa furaha.

Mama hakurudi Kitale. Aliwaambia watu wote kwamba kuanzia siku ile niitwe jina langu la ubatizo tu. Lile la zamani likawa lake. Watu walisahau, bila shaka, na mtu akiniita kwa mazoea, mama alikuwa wa kwanza kuitika, hata awe mtoni. "Niko hapa!" Watoto waliona ni mchezo, wakamtania, naye akacheka nao. Mimi sikuupenda mchezo huo hata kidogo.

Mahindi yalipotoa mbelewele, tulikuwa uani tukimenya maharagwe, mchana kweupe. Mtu akaita jina lile kutoka shambani. Haikuwa sauti ya mwanamume wala ya mwanamke, na haikuwa ya jirani yeyote. Iliita kwa upole, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Nilifungua mdomo niitike, maana lilikuwa langu tangu kuzaliwa. Mama akaniziba mdomo kwa kiganja.

"Niko hapa," akasema. "Nakuja."

Alikung'uta maganda kwenye sketi, akakaza leso, akaingia kwenye mahindi. Nyanya ndiye aliyemkuta jioni ile, amelala ubavu kati ya mistari, bila jeraha.

Watu wa kanisa walisema ni moyo ulisimama. Haya, ulisimama. Lakini mimi ndiye niliyeitwa.