Sensa Ilikuwa Nzima

Joomart alipenda kufanya kazi watu wakimtazama. Magari ya mji wetu wa milimani, Naryn, mengi ni ya Kijapani, yameshazeeka kabla hayajavuka mpaka, na kompyuta zake ni za kizamani mno kuongea na mashine za siku hizi. Yeye alifungua boneti, akaunganisha kwa kipande cha waya matundu mawili ndani ya kiboksi kilicho pembeni ya injini, kisha akamwambia mwenye gari akae kwenye usukani atazame. Taa ya injini ikaanza kukonyeza: mara mbili, inapumzika, mara mbili tena. Kila mkonyezo una namba yake, na kila namba ina kosa lake. Mwenye gari alitoka pale kama mtu aliyetoka kwa daktari bingwa.

Ujuzi huo aliupata Urusi, kwenye gereji alikofanya kibarua miaka kadhaa. Aliporudi hakuwa na banda wala vifaa. Aliyempa nafasi ni Kasymaly, fundi mzee aliyeanzia kwenye matrekta ya shamba la serikali enzi zile. Alimwachia kona ya gereji yake, akamwazima spana, na mchana wakala sahani moja. Joomart alipopata wateja wake alihamia ng'ambo ya barabara. Hawakugombana. Waliendelea kusalimiana, ila kila mmoja alikuwa akiona gari gani limesimama mlangoni kwa mwenzake.

Mwanzoni mwa vuli, Sheishen alileta gari lake. Sheishen hubeba abiria kati ya Naryn na mji mkuu, Bishkek, na njia nzima mdomo wake haufungwi. Gari lilikuwa likitoa moshi mweusi, linakunywa mafuta kama ng'ombe mwenye kiu, na likipata moto linagoma kuwaka.

"Nimetoka kwa Kasymaly," alisema. "Kanibadilishia sensa, kile kidude kinachoiambia kompyuta joto la maji ya injini, likatulia kidogo, sasa limerudia yale yale."

Joomart akaunganisha waya wake. Taa ikakonyeza namba ya sensa hiyo hiyo ya joto. Madereva wawili waliokuwa wakisubiri wakasogea, na Joomart akajiona yuko jukwaani.

"Kompyuta haidanganyi," alisema. "Sensa imekufa. Aliyekuwekea hii kaiokota kwenye vyuma chakavu."

"Kasymaly huyo?"

"Sijataja mtu. Lakini mkono uliozoea trekta, kaka, utajua nini kuhusu kompyuta? Utalipiga gari nyundo!"

Wakacheka. Joomart akatoa sensa, akaitupa kwenye kopo la vyuma, akaweka nyingine. Taa ikazima, gari likanguruma vizuri. Hakuwa amepima kitu chochote. Mita ya kupimia umeme ilikuwa imening'inia ukutani, na yeye hakuigusa.

Neno lile lilipanda gari pamoja na Sheishen. Kila abiria alisimuliwa jinsi Kasymaly anavyowawekea watu vyuma vilivyookotwa. Likafika Bishkek, likarudi Naryn limenenepa: sasa Kasymaly alikuwa akiiba sensa nzima na kuweka mbovu. Joomart aliyasikia akiwa kwa kinyozi, watu wawili wakibishana ni magari mangapi mzee ameyaharibu. Angeweza kusema neno. Alifumba macho akaacha wembe upite.

Kabla theluji haijaziba njia za juu, mlango wa Kasymaly ulikuwa hauna gari. Baadaye ukafungwa. Tukasikia anachochea makaa kwenye boila inayopasha shule joto. Gereji akampangisha mwoka mikate.

Wateja wote wale walivuka barabara wakaja kwa Joomart. Mkewe, Burulsun, alimwona akirudi nyumbani amenuna.

"Kazi imejaa, na wewe una uso wa msiba. Nani kakuudhi?"

"Nimechoka tu."

"Uchovu ndio unakuzungusha njia ya mtoni, usipite shuleni?"

Joomart aliinama kuvua viatu. Kumbe mkewe amemwona akiikwepa shule.

Sheishen alirudi katikati ya baridi kali, gari likiwa limevutwa kwa kamba. Lilizima kwenye kona za mlima wa Dolon, abiria wakashuka na kusukuma kwenye barafu.

"Wewe si ulisema umemaliza?" alifoka.

Joomart aliunganisha waya. Taa ikakonyeza ile ile, mbili na mbili. Safari hii hapakuwa na watazamaji. Alitoa sensa aliyoiweka mwenyewe, akachemsha maji kwenye birika, akaitumbukiza na kuishikisha mita. Kadiri maji yalivyopoa, kipimo cha ukinzani kilipanda taratibu, sawasawa kabisa na inavyotakiwa. Nzima. Akainuka, akafukua kopo la vyuma mpaka akaipata ile ya Kasymaly. Akaipima vile vile. Nayo nzima.

Alikaa juu ya tairi. Alijua tangu Urusi kwamba namba haimtaji mkosaji. Inataja njia tu, na njia ina sensa, ina plagi, ina waya mrefu unaopita kwenye vyuma. Akaufuata waya kwa vidole hadi unapojikunja nyuma ya injini. Mpira wa nje ulikuwa safi, lakini ndani shaba ilikuwa imekatika. Ncha zinagusana, zinaachana, kila injini ikitikisika. Siku ile taa ilizima kwa sababu aliutikisa waya alipokuwa akibadilisha sensa. Basi.

"Ni nini?" Sheishen aliuliza.

"Waya."

"Loo! Yule mzee aliwahi kuniambia nirudi achungulie nyaya. Nikaona ananizungusha."

Joomart aliunga waya, akaufunga tepu. Sheishen akaondoka akipiga mluzi, hakung'amua kitu. Hakuna mtu mwingine duniani aliyejua, na hilo ndilo lililomnyima Joomart kula kwa siku nyingi.

Hatimaye alikwenda shuleni. Alimkuta Kasymaly kwenye chumba cha boila, koleo mkononi, uso mweusi kwa masizi.

"Asalaam aleikum, kaka mkubwa."

"Waaleikum salaam. Funga mlango, unaniingizia baridi."

Joomart alisema yote amesimama: sensa, waya, mzaha wa nyundo, na kwa kinyozi alivyonyamaza. Kasymaly alitupia makaa motoni, akatupia mengine.

"Umemaliza?"

"Nisamehe, kaka."

"Unakuja kunieleza mimi? Mimi najua nilichokiweka kwenye gari lile! Mimi sihitaji habari hiyo. Uliwaambia madereva. Nenda kwa madereva."

Asubuhi iliyofuata Joomart alikwenda stendi, magari yakisubiri kujaa. Alisema kwa sauti ili wote wasikie. "Kasymaly hakumwibia mtu. Sensa yake ilikuwa nzima. Mimi sikupima, nikamsingizia."

Kwanza wakadhani ni utani. Kisha mmoja akapaza sauti: "Kwa hiyo mganga alikuwa anabahatisha?" Kicheko kikazuka. Sheishen alimsukuma kifuani.

"Umenifanya mwongo mbele ya abiria wangu wote! Nitawapata wapi sasa niwaambie?"

"Watakaopanda leo waambie," Joomart alijibu. "Na wa kesho."

Wateja wengine wakamwacha. Wengine walibaki kwa kuwa hapakuwa na fundi mwingine wa karibu. Madereva wachache walianza kupitia shuleni, wakamwomba Kasymaly asikilize injini, naye akatoka saa ya mapumziko, akasikiliza. Gereji hakurudi. Alisema mgongo umeshazoea joto la boila, na mwoka mikate ana watoto. Joomart alijitolea kumlipia pango na kumrudishia banda. Mzee akakataa hata kulizungumza.

Siku hizi Joomart hupita njia ya shule. Wakikutana, Kasymaly huitika salamu, huuliza hali ya Burulsun, kisha huendelea na safari yake. Kumkaribisha nyumbani kwake, bado. Na gari likija pale gereji, mwenyewe akianza kusema fundi aliyetangulia ni nani, Joomart humkata: "Usinitajie jina." Huchukua mita, na huanza na nyaya.