Chumba cha Akina Mama katika Maktaba Yetu

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kitabu hata kimoja. Mkutubi Mkuu, mwanamke mrefu aliyependa kuvaa gomesi, lile gauni refu la mkanda mpana, aliniketisha mbele ya rundo la karatasi akaniambia nitoe pini.

"Pini hushika kutu, na kutu hula karatasi," alisema. "Toa pini, funga kwa utepe wa pamba. Ukimaliza hapo, utakuwa umeanza kazi."

Nilitoa pini mpaka vidole vikauma. Jioni nilirudi kwetu Nateete, ambako baba alisomesha watoto Kurani, nikamwambia nimeajiriwa kung'oa pini. Alicheka sana.

Karatasi zile zilikuwa nyaraka za akina mama: kumbukumbu za mikutano ya vikundi vyao, picha za wakunga na walimu wa kike wa zamani. Ziliwekwa katika Chumba cha Akina Mama, nyuma ya maktaba. Kila picha tuliiandikia kadi ya katalogi, ile kadi ndogo inayomwonyesha msomaji kitu kilipo. Siku moja niliandika, "Mke wa Mchungaji." Mkutubi Mkuu akairudisha kadi mezani kwangu.

"Kwamba ana mume nimeona. Yeye mwenyewe anaitwaje?"

"Haikuandikwa, nnyabo," nilimjibu kwa heshima.

"Basi mtafute anayejua."

Nilikwenda hadi Kyambogo kwa mwalimu mmoja mstaafu, nikarudi na jina. Kazi yetu ilikuwa hivyo, miguu na kuuliza.

Tulikuwa pia na marafiki wa maktaba, waliotuunga mkono kwa hali na mali: walimu, wake wa askari, wake wa wafanyabiashara wa Kihindi. Jumamosi moja kila mwezi walikuja katika chumba hicho kumsikiliza mama mmoja akieleza maisha yake. Mimi niliandika kwa hati mkato, ile mistari ya haraka ya makarani, kisha nikayapiga chapa maneno yake yahifadhiwe. Viti havikutosha, wengine walisimama dirishani na vikombe vyao vya chai.

Kisha wanajeshi wakashika serikali. Wahindi walipofukuzwa nchini, wale mama wa Kihindi hatukuwaona tena. Waliobaki wakaogopa kukusanyika. Asubuhi moja watu wasiojitambulisha walikuja kumwita Mkutubi Mkuu. Alivaa koti lake, akaniambia nifunge madirisha mvua ikija, akatoka nao. Hakurudi. Hatukuelezwa neno, wala hatukuthubutu kuuliza. Tulizoea kula chakula cha mchana pamoja, yeye na mimi. Tangu siku hiyo nilikula peke yangu.

Aliyekaimu nafasi yake alikuwa bwana mpole mwenye hofu nyingi. Aliniita ofisini.

"Binti, hayo mazungumzo ya Jumamosi yaache."

"Mzee, kuna mama tulikwisha kumwalika Jumamosi hii. Sina njia ya kumzuia."

Alitazama mlango. "Mimi sijasikia."

Mama huyo, tulimwita Mama Atim, alikuwa mtu wa kaskazini. Mumewe, askari polisi, alikuwa amechukuliwa kutoka kambi ya polisi na hakuonekana tena. Alikuja kwa miguu kutoka Port Bell, kwani petroli ilikuwa imeadimika. Mbali na sisi wawili, hakuja mtu. Niliona haya.

"Samahani, mama. Watu wameogopa."

Alivitazama viti vitupu, akavuta kimoja. "Kwani wewe si mtu?"

Akaanza. Alieleza jinsi wake wa polisi, kila mmoja na lugha yake, walivyozalishana kambini waume zao wakiwa safarini. Alikuwa katikati ya habari ya mtoto aliyetanguliza miguu, askari wawili walipoingia na bunduki.

"Nyinyi nafanya mkutano hapa?"

Nililaza kalamu juu ya daftari.

"Mkutano gani, mwanangu?" Mama Atim alijibu kwa Kiswahili cha kambini. "Watu wawili iko mkutano? Mimi naambia huyu mambo ya kuzaa. Yeye bado kuzaa."

Mmoja akacheka. Mwenzake akavipitia viti kwa macho, kimoja baada ya kingine, kisha wakatoka. Chumba kingekuwa kimejaa kama zamani, wote tungepandishwa lori.

"Andika," Mama Atim aliniambia. "Mtoto bado hajatoka."

Haukupita muda, ofisa mmoja wa jeshi akakitaka chumba kile kuweka sukari yake ya magendo. Yule bwana mwenye hofu akanifungulia ghala la magazeti ya zamani. "Ukiulizwa, mimi sijui kitu," alisema, kisha akavua koti akanisaidia kubeba masanduku yote. Humo nilifanya kazi miaka mingi, mimi na harufu ya nafthalini ya kufukuza wadudu tu. Utawala ule ulipoanguka, waporaji walibeba sukari hadi gunia la mwisho. Magazeti makuukuu hawakuyagusa, na nyaraka zikapona.

Mama Atim niliambiwa alirudi kwao kaskazini. Sikumwona tena. Mkutubi Mkuu hakuna aliyejua kaburi lake, na cheo chake nilikuja kupewa mimi, nikastaafu nacho.

Siku hizi vijana hunijia Nateete na vinasa sauti vyao. Huniuliza, nawajibu, nao huniamini upesi mno. Walioyaona pamoja nami wamekwisha. Nikimaliza kueleza, huwatazama, nikitamani mtu aseme, "Hapana, dada, haikuwa hivyo." Wao husema asante, wakazima vinasa vyao, wakaenda.