Ukuta wa Plastiki

Leo nimepita dukani, bodi za plastiki zikinuka kwa joto, nikamkumbuka mama akizipigilia kwenye ukuta wa chumba chetu jioni moja.

Fundi wa jirani alimwonya, "Mama, usikaze misumari hivyo. Acha nafasi. Jua la Lodwar litazitanua hizo."

"Nafasi ya vumbi? Na huyu mtoto wangu akohoe mpaka lini?"

Akakaza yote, akaziba kila upenyo. Kesho yake mchana ukuta ukavimba kama tumbo la mbuzi, bodi mbili zikapasuka. Majirani wakacheka. Mama hakuwajali, aliniuliza tu, "Lakini ulilala vizuri, mwanangu?"

Nikasema ndiyo. Nilikuwa nimekohoa hadi asubuhi, shuka mdomoni, asinisikie.