Mama Alisema Hatukimbii

Juzi niliwaona watu wakipanda njia ya mlimani juu ya mtaa wetu wa Songo, magodoro kichwani, na harufu ya jasho na majani yaliyokanyagwa ikanirudia.

Mchana mmoja wa vita, nilipokuwa mtoto, mtaa wote ulipanda njia hiyo kwenye jua kali. Mama alituambia mlangoni, "Siye hatukimbii. Tunapanda tu, tutarudi kwetu." Nilidhani ametukataza kwenda mbio.

Tulipofika msituni, bunduki zililia kule chini mjini. Mama alikuwa mbele na mdogo wangu; watu wote wakatimua mbio. Mimi niliendelea kutembea, sufuria kichwani, kando ya Koko, mama mzaa mama, ambaye magoti yalikuwa yamemgomea.

"Weye mutoto, kimbia!" jirani alifoka. "Koko tutamurudilia!"

"Mama alisema hatukimbii."

Koko alicheka mpaka akakohoa, akamwambia jirani: "Umesikia? Kama uko na haraka, enda."

Jirani alilaani jua, akatupa godoro lake vichakani, akambeba Koko mgongoni.

Leo najua Mama alikuwa akilikataa jina la wakimbizi. Hakuwa akizungumzia miguu. Siku ile sikujua. Tulimkuta Mama juu mlimani, mdogo wangu mgongoni, akitulilia. Nikamuuliza mbele ya watu wote:

"Mama, mbona weye ulikimbia?"