Nafasi ya Nne Kwenye Boksi la Bisil

Mimi huhesabu kila kitu mara mbili. Chenji, skrubu, hata watu kwenye foleni ya benki. Kwa hiyo sina kisingizio.

Kiangazi kilichopita niliwatengenezea watu wa kisima kimoja cha Bisil boksi la kuendesha pampu. Nililiunda mezani kwangu Kitengela, programu nikaiandika kwa lugha ya kompyuta ya C. Vihisio vinne, yaani sensor, vilikuwa na kazi ya kuangalia tu: tangi limejaa, tangi limeisha maji, mota imechemka, maji ya kisima yameshuka. Kihisio hakijui cha kufanya. Unakiachia anwani ya function, kipande cha programu kinachojua la kufanya, vile unavyomwachia mwenye duka la hardware namba yako ya simu: mzigo ukifika, nipigie. Kila anwani na nafasi yake kwenye jedwali: nafasi nne. Nilizihesabu. Nne. Nikarudia. Nne.

Wiki ya tatu pampu ikaungua.

Nilipofika, ng'ombe walikuwa wamejazana kwenye birika kavu. Ufunguo wa chumba cha pampu ulikuwa kwa mjane mmoja, mama mfupi ambaye kamati ilimchagua kwa sababu hapendelei mtu kwenye zamu za maji.

"Takwenya, yeyo," nikamsalimia kwa Kimaasai changu cha kuokoteza.

"Iko," akaitikia. "Pampu yako imekufa, fundi."

"Yangu? Nani amegusa boksi?"

"Mimi nilipanguza vumbi na kitambaa."

"Kikavu?"

"Kilikuwa na maji kidogo."

Nikayadaka hayo maji kidogo kama mtu aliyeona bei ya kutupa. Mbele ya kamati nikasema umeme na maji haviendi pamoja, nikaishia hapo. Ilitosha. Mwenyekiti akanyoosha mkono, mama akafungua fundo la shuka, akatoa ufunguo.

Nikingoja gari, nikamuuliza mama, ili tu kupitisha muda, ng'ombe wake pale walikuwa wangapi.

"Sihesabu," akasema. "Naangalia nani hayuko."

Kesho yake asubuhi, Kitengela, nikafungua programu. Nne. Nne. Halafu nikaacha kuhesabu, nikaangalia nani hayuko. Nafasi ya nne, ile ya maji ya kisima kushuka, ilikuwa tupu. Nilisema nitaijaza baadaye, nikasahau. Wala sikuandika ule mstari mmoja wa kuuliza kwanza kama kuna anwani. Maji yaliposhuka, programu ilienda mahali pasipo na mtu, ikakwama pale pale pampu ikiwa imewashwa, nayo pampu ikavuta hewa mpaka ikaungua. Kitambaa hakikuwa na hatia.

Nikaanza kupatana bei na nafsi yangu. Nirekebishe kimya. Nipeleke pampu nyingine, niite zawadi. Niwaombe wamrudishie mama ufunguo, kwa huruma tu. Kila bei niliyotaja ilikuwa ya chini, na upande wa pili hakukuwa na mtu wa kuipandisha.

Jumamosi nikarudi na pampu na programu mpya. Kamati ilikuwa imesimama kando ya birika, mama nyuma kabisa. Nikasema kosa ni langu, nikawaeleza kwa mfano wa simu.

"Kwa hivyo boksi ilitaka kupiga," mzee mmoja akasema, "na wewe hukuacha namba?"

"Sikuacha."

"Na ukasema ni kitambaa."

"Nilisema."

Walicheka, na kicheko kilikuwa rahisi kubeba. Mama hakucheka. Mwenyekiti alipompa ufunguo, aliugeuza pande zote mbili kama kitu kilichokopwa na mtu asiyejali vitu, akaufunga kwenye shuka.

"Fundi, sasa nipanguze vumbi ama nisipanguze?"

"Panguza, yeyo."

"Na maji kidogo?"

"Na maji kidogo," nikasema. Nikasema tena, mara ya pili, ili kamati yote isikie.