Dereva Anayepima Majivu kwa Mgongo wa Mkono

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Protus Ndiwa amepiga magoti chini ya miti, kwenye milima iliyo juu ya mji wa Taif, Saudi Arabia. Mbele yake kuna kichuguu cha udongo, mahali makaa ya jana yalipofukiwa. Anafukua kidogo kwa kijiti, anageuza mkono wa kulia, kisha anaushusha mgongo wa mkono hadi uguse majivu.

"Moja, mbili, tatu, nne..."

Anautoa mkono upesi na kuupuliza.

Nyuma yake amesimama dereva mwenzake, Allan Muchiri, akiwa amejifunika blanketi la maua mekundu kuanzia utosini. Meno yanagongana. Mara mlango wa hema kubwa unafunguka na bosi wao, Bwana Muslih, anatoka na birika la kutawadhia. Anawatazama wote wawili, kisha anauliza swali ambalo Protus amelingojea majuma matatu, na ambalo sasa angependa lisiulizwe.

"Protus, moto umezima?"

Jibu lake ndilo litakaloamua kama Protus, mwenye umri wa miaka thelathini na sita, atapanda ndege tarehe tatu Septemba kurudi kwao Kaptama, Mlima Elgon, au kama binti yake Valary ataendelea kumwona kwenye kioo cha simu. Alimwacha akiwa na miaka mitatu. Sasa ana saba.

Kwa kazi, Protus ni dereva wa nyumba mtaani Al-Safa, Jeddah. Analipwa riyali 1,800 kwa mwezi, chakula na chumba cha kulala vikiwa juu ya mwenye nyumba. Anapeleka watoto shule, anapeleka nguo kwa fundi, anasubiri nje ya kliniki. Ni kazi ya kusubiri zaidi kuliko kuendesha, anasema, na hana malalamiko.

"Kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini, ni mtu poa," anasema. "Ikama yangu, kibali cha kuishi hapa, haijawahi kuchelewa hata siku moja. Kuna watu hapa Jeddah wakisikia hivyo wanadhani nawadanganya."

Lakini kazi yake nyingine, ile isiyoandikwa kwenye mkataba, ndiyo inayomfanya azungumze bila kupumua. Kila Alhamisi, kuanzia Juni hadi Oktoba, anapakia gari mahema, mazulia, jiko la chuma, kuni za kununua na mitungi sita ya maji, na Ijumaa anapanda mlimani. Chanzo cha yote haya ni mama yake bosi, Umm Muslih, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja, aliyezaliwa kijiji cha milimani na ambaye joto la Jeddah hajalizoea hadi leo.

Bwana Muslih, ambaye siku za wiki hufanya kazi Riyadh, alishajaribu kumlipia hoteli ya kifahari kule juu. Mama alikaa usiku mmoja akadai arudishwe. Mimi mwandishi, niliyepanda nao safari hii, nilipomuuliza kwa nini, alijibu kwa Kiarabu na Protus akanifasiria huku akicheka: "Anasema hotelini kuna kiyoyozi. Kiyoyozi anacho nyumbani."

Wanakolala hakuna lango wala karani. Hakuna kiwanja chenye namba, hakuna choo, hakuna bomba. Unaacha lami, unafuata njia ya mawe hadi gari likatae, kisha unachagua mahali pako mbali na watu wengine. Hulipi chochote. Choo ni shimo unalochimba mwenyewe kwa sepetu, hatua mia mbili kutoka hemani, na ukimaliza unafukia. Takataka zote zinarudi mjini, hata maganda ya machungwa, kwa sababu nyani wa huko hawahitaji kukaribishwa mara mbili.

Hata njia ya kwenda ina mambo yake. Protus ni Mkristo, kwa hiyo hawezi kupita Makka. Bosi na mama yake hupita katikati kwa gari dogo, na Protus huzunguka na mizigo kwa barabara ya pembeni. Wanakutana juu.

Safari yake ya kwanza, miaka mitatu iliyopita, nusura isifike mwisho. Alipanda kona baada ya kona, joto likapungua, akazima kiyoyozi na kufungua dirisha.

"Nilisikia harufu kabla sijaona mti," anasema. "Nikasema, hii ni tarakwet! Hii ni miti ya kwetu! Nikasimamisha gari. Bosi anapiga simu, 'Wen inta, wen inta?' Niko wapi? Niko hapa nimekumbatia mti kama mwendawazimu."

Hakukosea. Ni mtarakwa uleule, wenye majani ya magamba na gome linalochunika kama karatasi, unaoota kwao Elgon alikokulia akichunga ng'ombe na baba yake. Alikuwa hajatarajia kuukuta Uarabuni. Anakiri kwamba alilia kidogo, halafu akawasha gari.

Usiku huo ndipo alipoharibu. Baba yake alimfundisha kwamba moto wa msituni hauachwi hivi hivi. Unaumwagia maji, unakoroga, unamwagia tena, kisha unaweka mgongo wa mkono. Mkono ukikaa hadi uhesabu ishirini, unaweza kulala. Protus akafuata mafunzo hayo neno kwa neno. Akamwaga mitungi miwili na nusu, ndiyo maji yote yaliyokuwa yamebaki.

"Kwetu ukitembea hatua thelathini uko mtoni," anasema akishika kichwa. "Sikufikiria hata kidogo kwamba maji yale tumeyabeba kutoka Jeddah. Lita hamsini! Kwa moto wa kuchemshia kahawa!"

Alfajiri watu wakaamka, mafi maji, hakuna hata tone. Umm Muslih akatayamamu kwa mchanga, akaswali. Kwa sala dini ilikuwa imempa njia. Kwa kahawa njia haikuwepo. Walirudi Jeddah kabla ya saa nne asubuhi. Wiki iliyofuata Protus akaambiwa dereva mwingine ataazimwa kwa jirani.

Aliyemrudisha ni mama mwenyewe. Alimwita jikoni, akamtaka aeleze ni wazimu gani ule. Protus akaeleza kwa Kiarabu chake cha kuungaunga, akaonyesha mkono unavyowekwa. Mama akamwita mwanawe.

"Akamwambia bosi, huyu anaogopa moto kuliko anavyoniogopa mimi," anakumbuka Protus. "Akasema, basi aje."

Tangu hapo amejirekebisha. Sasa anachimba shimo mbali na mizizi, anachanganya makaa na udongo, anageuza na kugeuza, na maji anayanyunyiza kwa kikombe cha kahawa. Kanuni ya ishirini haijabadilika.

Shida ni kwamba amekuwa hodari kupita kiasi. Likizo yake ya kwanza iliangukia wakati Umm Muslih amelazwa hospitalini, akaiacha kwa hiari. Mwaka uliopita walijaribiwa madereva wawili wa kumshikia nafasi. Mmoja alisimamisha hema chini ya miti wanayolala nyani. Wa pili alikataa kulala nje, akajifungia garini na injini ikanguruma hadi asubuhi. Likizo ikasogezwa.

Ndipo mwezi Juni akaja Allan, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, mzaliwa wa Kayole, Nairobi. Awali alikuwa akisambaza bidhaa madukani Al-Baghdadiyah, na Jeddah anaijua kichochoro kwa kichochoro. Msituni hakuwahi kulala maishani.

Bosi akatoa neno lake: siku Allan atakapomudu mlima peke yake, Protus aende. La sivyo wasubiri hadi mama amalize msimu, na baada ya hapo shule zitakuwa zimeshika kasi, na baada ya hapo Ramadhani. Protus alijua kalenda hiyo inavyokwenda.

Ijumaa ya mtihani, Protus alikatazwa kugusa kitu. Alikaa juu ya boksi la barafu, mikono ameikalia.

Allan alianza vizuri. Alichagua mahali tambarare, juu ya bonde, mbali na majirani. Hema lilisimama mara ya tatu. Kahawa yake Umm Muslih aliinywa vikombe vitatu, kisha akatikisa kikombe kuonyesha ametosheka, na Allan akanikonyeza. Kosa lake la mchana lilikuwa moja tu: hakubeba nguo ya baridi.

"Jaketi ya nini Saudia?" alijitetea jua lilipozama. "Jeddah niliacha joto la digrii foti. Nani angejua?"

Selipher, mfanyakazi wa ndani kutoka Kakamega ambaye hulala hema moja na mama, ndiye aliyemtupia lile blanketi. "Chukua, bwana Kayole," alimwambia. "Ukifa hapa nani atatutengenezea kahawa?"

Kabla ya kulala, Allan alimwaga makaa shimoni, akafukia kwa udongo, akapigapiga kwa sepetu kama fundi anayemaliza plasta. Maji hakutumia hata tone. Kugeuza alisahau. Na ukifukia makaa bila kuyageuza, yanalala tu chini ya udongo yakisubiri upepo.

Hivyo ndivyo tulivyofika alfajiri ya Jumamosi, Protus akiwa ameishia nne.

"Sema umezima, buda," Allan anamnong'oneza. "Bosi akienda kuswali, mimi nita-sort huu moto. Wewe fikiria mtoto."

Protus anamfikiria mtoto. Inaonekana usoni. Halafu anaangalia juu, kwenye matawi ya mtarakwa yaliyokauka kwa miezi ya jua, na upepo umeanza.

"Bado, bosi," anasema. "Uko hai."

Bwana Muslih anasogea, anainama, na moshi mwembamba unamjibu kabla hajauliza tena. "Kwa hiyo Septemba..." anaanza, na hamalizi. Umm Muslih ametoka hemani na bakora yake. Mtungi uliobaki ni mmoja, wa kutawadha na wa kahawa. Sote tunautazama mtungi ule.

Allan anakwenda garini na blanketi lake, anainamia chini ya kiti cha nyuma na kutoka na mtungi wa lita kumi uliofungwa kwa taulo.

"Sasa mnaniangalia nini?" anasema. "Mimi ni mtu wa Kayole. Maji yakija tunajaza hadi sufuria, na mtungi mmoja lazima ufichwe. Hata mke wangu hajui wa nyumbani uko wapi."

Protus anafukua na kugeuza, Allan anamwaga kikombe baada ya kikombe. Udongo unafuka, unatoa sauti, unanyamaza. Kisha Protus anamshika Allan kifundo cha mkono na kuuweka mgongo wa mkono wake kwenye majivu. Bosi ndiye anayehesabu, kwa Kiarabu na kwa sauti: wahid, ithnen, thalatha. Allan amefumba macho. Bosi anapofika ishirini, Selipher anapiga kigelegele ambacho nadhani nyani wa bonde la pili wamekisikia.

"Halas, yamekwisha," anasema bosi, na anamtazama mama yake.

Umm Muslih anawanyoshea bakora mmoja baada ya mwingine. Protus ananifasiria: "Anasema, mmoja alimwaga maji yangu, mwingine ananifichia maji yangu. Huyu wa kumwaga mwache aende kwao, amuone mtoto; wa kuficha atanitosha."

Tulipofika kwenye lami na mtandao ukarudi, bosi aliegesha kando na kutoa, kwenye simu yake, kibali cha kutoka nchini na kurudi, ambacho mwajiri ndiye hukitoa. Protus aliisoma picha ya kibali hicho mara tano. Tarehe tatu Septemba, miezi miwili.

Atarudi kwa mkataba mmoja zaidi, anasema, kisha anunue mahema manne ya kukodishia wageni wanaopanda Elgon. Hilo ni la baadaye. La kwanza ni kulala msituni na Valary, usiku mmoja tu. Atabeba blanketi, unga na majani ya chai.

"Maji sibebi," anasema, akicheka. "Mto unapita karibu na kichwa ukilala. Siku hiyo moto nitaumwagia ndoo nzima, na hakuna wa kuniuliza."

Kisha anauangalia mgongo wa mkono wake, wenye alama ndogo nyeusi za miaka mingi.

"Kuhesabu Valary alifundishwa na mwalimu, mimi nikiwa huku. Kusoma pia. Hii ya majivu bado hajafundishwa na mtu. Nimewaambia nyumbani wasimwonyeshe, wanisubiri."