Sarafu za Paa la Mukaka

Mimi ni muuza vitenge sokoni, Kimemi, hapa Butembo, na kwa miaka mingi nimekuwa nikikusanya sarafu za zamani. Watu wakisikia hivyo hucheka. Wanaona mwanamke wa biashara anapaswa kutafuta pesa inayonunua kitu, si ile iliyokwisha kufa. Na kweli hapa kwetu sarafu hazitumiki tena. Tuna noti zilizochoka, na tuna dola, basi. Wanangu wamekua bila kulipa kitu kwa sarafu hata siku moja. Labda ndiyo sababu ile ya kwanza ilinishika. Niliikuta ndani ya gunia la maharagi, ina tundu katikati na nyota upande mmoja. Niliifunga kwenye ncha ya kitenge changu, na mchana kutwa, mteja akiondoka, nilikuwa naifungua naitazama.

Baadaye niliiweka mezani penye vitambaa, nikawa naweka na nyingine nilizopata. Siku moja aliingia mwalimu wa historia aliyestaafu, amemsindikiza mkewe kununua kitambaa cha sare ya kwaya. Mkewe alichagua, akabadili mawazo, akachagua tena. Mawazo ya mume hayakuwa hapo kabisa. Alikuwa ameinama juu ya sarafu zangu.

"Mama, hii uliipata wapi?" aliuliza.

"Mu maharagi, Prof."

"Mu maharagi," akarudia taratibu, kama mtu aliyeambiwa kwamba mvua ya dhahabu imenyesha mtaa wa pili.

Siku hiyo mkewe aliondoka peke yake na kitambaa chake. Prof alibaki hadi nilipofunga duka. Yeye pia alikuwa na zake, kwenye kopo la maziwa ya unga, na alimjua mwenzetu wa tatu, muuguzi wa Beni, anayeishi komini ya Ruwenzori. Tukafungua kikundi kwenye simu. Muuguzi, ambaye kila mtu humwita Docta, ndiye aliyekuwa mkali wetu. Alitufundisha kushika sarafu kwa ukingo, kuihifadhi pakavu, na zaidi ya yote kutoisugua kamwe. Kwa wakusanyaji, ule weusi ndio umri wa sarafu. Ukiuondoa ni kama umemvua mzee nguo mbele ya watu. Docta alilirudia neno hilo karibu kila wiki. Tulipanga kuonana ana kwa ana, tukashindwa, tukapanga tena. Barabara ya Beni siku nyingine inapitika, siku nyingine unashauriwa ubaki kwako.

Kisha nikaenda Bulengera kumpelekea mjane mmoja kitenge chake cha sikukuu. Ni mama mzee sana, Mkatoliki wa misa ya asubuhi kila siku, na mtaa mzima humwita Mukaka, yaani bibi. Mvua ilinikuta kwake. Tulisimama mlangoni mwa jiko lake la nje, ambalo paa lake limeshuka chini hivi kwamba mtu mrefu huinama, nami nikawa natazama maji yakidondoka. Hapo nikaona, chini ya kichwa cha msumari, kitu cha mviringo. Nikanyoosha shingo. Kilikuwa na nyota.

"Mukaka, ile kitu iko chini ya musumari ni nini?"

"Ile? Ni rondele, ile ya kukaza musumari. Bwana yangu njo aliipigilia, maji isiingie."

"Lakini ni feza."

"Ilikuwaka feza," akasema. "Wakati tulijenga, banabadirisha feza, feza mupya ya makuta ikaingia. Ile ya zamani haikununua tena ata sindano. Bwana yangu akasema, mi siwezi tupa kitu nilipata na jasho. Akaipandisha yote kule juu."

Niliuliza kama ni jiko tu. Akacheka. Nyumba nzima, akasema, jiko na nyumba kubwa, kila msumari. Nilitoka nikaizunguka nyumba ile kwenye mvua, nimejifunika beseni kichwani, nikitazama juu kama mtu anayetafuta paka aliyepotea. Nilirudi nimelowa hadi kwenye mifupa, na Mukaka akanikausha kando ya moto huku akiniuliza kama nyumbani kwangu mume wangu ananijua vizuri.

Kumbe wanawe walikuwa wamekwisha kununua mabati mapya, au matole kama tunavyoyaita, na wangebadilisha paa wakati wa jua. Nikamwomba zile sarafu. Akaniambia nisiombe kitu kilichojaa kutu. Nije tu na hao rafiki zangu, anayetaka apande achukue.

Docta alipata siku ya ruhusa, na barabara siku hiyo ilikuwa nzuri. Alishuka kwenye gari amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, amebeba kisanduku chenye vifuko vidogo na kibano cha hospitali. Ndiyo ilikuwa mara yetu ya kwanza kumwona. Kwenye simu sauti yake ilikuwa nene, nami nilikuwa nimemwazia mtu mkubwa. Alikuwa mfupi, mwembamba, na mwenye aibu hata ya kusalimia. Prof alimkumbatia hadi kile kisanduku kikaanguka.

Mafundi walikuwa juu tayari, na wana wawili wa Mukaka. Docta akavua shati lake jeupe, akapanda nao. Prof, ambaye hawezi kupanda hata kiti, alibaki chini na beseni, na mimi nikawa kati yao kwenye ngazi. Msumari uling'oka kwa kelele, kisha sarafu ikashuka mkono kwa mkono hadi kwenye beseni, kloo. Zilikuwa nyeusi, nyingine zimeshikwa na kutu ya msumari, lakini ukiigeuza moja kidogo kwenye mwanga unaona herufi, unaona nyota. Prof alikuwa anazipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea ushirika. Docta juu aliimba. Kwenye simu hakuwahi kuimba.

Adhuhuri tukaitwa ndani kula. Kulikuwa na ugali wa muhogo, sombe, yaani kisamvu, na samaki wa ziwani. Prof aliombea chakula, na maombi ya Prof hugusa kila familia ya mtaa, halafu yakaja mazungumzo. Mukaka alisema yeye amekwisha kula, akatoka. Hakuna aliyefikiri lolote.

Tulipotoka tulimkuta ameketi kwenye mkeka uani. Majivu yalikuwa yamemfika viwikoni, na vipande vya ndimu vilivyokamuliwa vimemzunguka. Beseni lilikuwa tupu. Sarafu zote, zote kabisa, zilikuwa zimepangwa juu ya jani la mgomba, zinang'aa hadi jicho linauma.

"Niliwaoshea," akasema. "Hamuwezi kurudi na uchafu ya nyumba yangu."

Prof aliketi polepole kwenye rundo la mabati ya zamani. Mimi sikuthubutu kumtazama Docta. Alikuwa ameokota moja, anaigeuzageuza. Nilikumbuka wiki zote zile za mahubiri yake nikasubiri.

"Docta, haijapendeza?" Mukaka akauliza. Alikuwa amechoka, na alikuwa na furaha sana.

Docta akaitazama ile sarafu tena. "Imependeza, Mukaka," akasema. "Wasingya." Ndiyo asante ya Kinande.

Kisha kicheko kikamtoka. Kilianza tumboni, akajaribu kukizuia kwa mkono, kikamshinda. Prof akamfuata, nami nikashika ngazi nisianguke. Mukaka naye akacheka, bila kujua sababu, mpaka nilipopiga magoti kandokando yake nikamweleza.

"Kumbe mulikuja kutafuta uchafu?" Akajifuta macho kwa mkono wenye majivu. "Mungeniambia. Mu jiko yangu iko uchafu mingi, mubebe yote."

Tulikaa pale kwenye mkeka tukagawana. Kwa kuwa sasa zilisomeka vizuri, ndipo tukaona moja haifanani na zile nyingine. Ilikuwa na tundu kama zenzake, lakini badala ya nyota ilikuwa na pembe za ndovu.

"Hii ni ya Uganda," Mukaka akasema kabla Prof hajavaa miwani. "Bwana yangu alivukaka mupaka ya Kasindi na maharagi, kwa miguu, mbele ya ndoa yetu. Akaniletea viatu. Vilikuwa vidogo."

"Ukafanya nini?" nikamwuliza.

"Nikavaa. Mutu ametoka Uganda na viatu yako, utamwambia nini? Nilipita mu kanisa kama kuku amekanyaga moto. Batu bakasema, aki, huyu bibi-arusi anajua kutembea."

Tulimpa ile sarafu, ni haki yake. Akaishika kitambo, akamrudishia Prof. "Muchukue," akasema. "Mimi ile safari ninaikumbukaka na miguu."

Docta aliondoka na fungu lake kwenye vile vifuko, na kwa siku kadhaa hakuandika kitu kwenye kikundi. Nilidhani amepoa, na sasa anajuta. Kisha ujumbe ukaja. Miaka yote, alisema, alikuwa akiwaonyesha wenzake hospitalini sarafu zake nyeusi, na wao walimwitikia kwa adabu na kurudi kazini. Hizi zinazong'aa, alizitoa mfukoni mara moja tu na foleni nzima ya wagonjwa ikasogea kuona. Padri amemwomba azionyeshe uani pa parokia, baada ya misa. Je, tutaweza kumleta Mukaka?

Mukaka hakuwa amefika Beni tangu zamani sana. Alivaa kitenge alichonunua kwangu, akatuacha nyuma mimi na Prof, akaketi mbele karibu na dereva, akamwuliza habari za wazazi wake hadi tukafika. Beni kulikuwa na joto, na kando ya barabara kakao ilikuwa imeanikwa kwenye maturubai. Meza ya Docta ilizungukwa na watu. Yeye mwenye aibu alikuwa anaeleza, jasho linamtoka, na kila aliyekosea kushika sarafu alimkosoa.

Mama mmoja mkulima wa kakao alisogea na kufungua kitambaa. Ndani mlikuwa na sarafu ya pembe sita yenye tembo. Niliona Docta akishika ukingo wa meza. Ile alikuwa ameitafuta kabla hatujajuana. Hata picha ya sarafu hiyo ndiyo ilikuwa kwenye simu yake.

"Naweza kukupa hii," yule mama akasema, "unipatie moja ya zile zinaangaza. Hii yangu imezeeka."

Docta alikuwa mtu wa haki. Akamweleza kwamba yake ni adimu kuliko zote mezani, kwamba anapunjika. Yule mama akatikisa kichwa. Alitaka ile inayong'aa.

"Umupe mbili," Mukaka akasema kutoka kwenye kiti chake, "na yeye aongeze nanasi."

Wakapeana mikono hivyo. Mananasi yakaja mengi kuliko tulivyotarajia, maana mume wa yule mama alikuwa na baiskeli iliyojaa. Docta alitusindikiza hadi kwenye gari, mkono mmoja mfukoni, hautoki. Tulipoanza kupanda kuelekea Butembo baridi ikaingia dirishani, na Prof akawa anaimba. Mukaka alijifunika, akaweka nanasi moja mapajani, akamwambia Prof apunguze kuimba, kisha akaanza yeye mwenyewe.